Kurekodi ngoma na kwaya nje ya studio, Dodoma: miksa ifanye nini, laptopu ifanye nini

#1 · Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu ni wa wenzangu mnaorekodi huku kanda ya kati: kwaya za Mvumi na Kongwa, vikundi vya muheme (ngoma za akina mama wa Kigogo), mikutano ya injili, redio za jamii. Studio mjini zipo na zinafanya kazi nzuri, ila muziki mwingi wa huku hauingii studio. Akina mama ishirini na ngoma zao huwezi kuwabana kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi pale Majengo ukategemea waimbe kama wanavyoimba chini ya mbuyu kwao. Unafunga vyombo, unawafuata.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: nichanganye sauti palepale kwenye miksa, au nirekodi tu halafu nikachanganye nyumbani kwenye programu? Jibu langu ni kwamba vyote viwili vinahitajika, ila kila kimoja kina watu wake. Miksa ni ya watu waliopo uwanjani: waimbaji, wasikilizaji wa spika, na wewe mwenye hedifoni. Programu ni ya atakayesikiliza baadaye. Sauti inayorekodiwa ipite njia yake, isiguswe na feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ya mtu yeyote.

Somo hili nililipata kwa hasara. Mwaka 2019 nilikwenda kijiji kimoja ng'ambo ya Chamwino nikiwa na miksa ndogo yenye tundu la USB, maiki tano na laptopu. Niliamini USB ile inapeleka kila maiki peke yake kwenye kompyuta. Kumbe ilikuwa inapeleka chaneli mbili tu, kushoto na kulia, sauti ikiwa imeshachanganywa. Kwa hiyo chochote nilichofanya na feda siku ile ndicho kilichoandikwa, na hakuna namna ya kukirudisha.

Kibaya zaidi, masikio yangu yalidanganyika. Ngoma za muheme zikipigwa mita tatu kutoka ulipo, unazisikia kwa kifua hata ukiwa umevaa hedifoni nene. Nikaona ngoma zimezidi, nikashusha feda zake. Bado zikanijaa, nikashusha tena. Jioni nafika nyumbani Nkuhungu, nafungua kazi, ngoma hazipo! Sauti za akina mama zimesimama peke yake, na kwa mbali unasikia kitu kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Nikajaribu kupandisha besi kwenye programu. Ikapanda na mivumo ya upepo na jenereta ya jirani. Nilipowapelekea, bibi aliyeongoza ngoma alisikiliza hadi mwisho akaniuliza, "Mwanangu, ngoma zetu umezipeleka wapi?"

Nilirudi mwaka uliofuata nikiwa nimejipanga. Bibi alikuwa ameshafariki.

Tangu hapo nafanya hivi. Chombo changu kikuu ni miksa inayorekodi yenyewe kwenye kadi, Zoom LiveTrak L-8. Ina matundu sita ya maiki, inaandika traki 12 (njia za sauti, kila moja peke yake) kwa mpigo, na feda haigusi kinachoandikwa kwenye traki moja moja. Naweza kushusha ngoma kwenye hedifoni mpaka ziishe, kule kwenye kadi zimekaa zilivyo. Inatumia betri nne za kawaida au paua benki, kwa hiyo kijiji kisicho na umeme hakinisumbui. Si lazima uwe na hiyo. Wapo wanaotumia Behringer XR18, ina maiki 16 na inapeleka chaneli 18 kwenye laptopu kwa USB, ila inataka umeme wa ukutani na inaendeshwa kwa tableti. Kwa kwaya kubwa kanisani inafaa. Kwa porini, siipendekezi.

Kabla ya kununua miksa yoyote "yenye USB", soma idadi ya chaneli inazopeleka kwenye kompyuta. Ikiwa imeandikwa 2 kwa 2, hiyo inapeleka mchanganyiko tu. Yamaha MG10XU, kwa mfano, ni miksa nzuri na safi kwa mikutano, lakini USB yake ni ya chaneli mbili. Ujue unachonunua.

Sasa, yapo mambo ambayo lazima yaamuliwe uwanjani kwa sababu yanatangulia kurekodi: maiki inakaa wapi, geini (kiasi cha kukuza sauti inapoingia kwenye miksa), umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, na swichi ya kukata besi. Haya ndiyo ninayoyapa muda. Geini naiweka ili kilele cha sauti kiguse kama desibeli -12 kwenye kipimo cha miksa, wastani uwe karibu na -18. Vijana wengi wanasukuma mpaka taa nyekundu kwa kudhani sauti ikiwa ndogo itakuwa na kelele. Kwenye biti 24 nafasi ni kubwa mno. Sauti ndogo utaipandisha nyumbani, iliyopasuka imepasuka. Na kumbuka kikundi kikipimwa sauti huimba kwa aibu. Wakishapandwa na ngoma watazidi pale mara mbili. Mimi huwaomba wapige kipande chenye vigelegele ndipo naweka geini.

Swichi ya kukata besi naiwasha kwenye maiki za waimbaji tu, kwa sababu ya upepo. Kwenye ngoma siigusi.

Niseme kidogo kuhusu ilimba, ala ya Wagogo ya kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole, maana hapa ndipo kazi nyingi za Kigogo zinapoharibiwa na mtu mwenye nia njema. Mara ya kwanza kuiweka maiki nilisikia mvumo wa "zzzz" kila noti, nikabadilisha waya, nikabadilisha maiki, mvumo uko palepale. Mzee aliyekuwa akipiga akaniita, akanigeuzia kisanduku, akanionyesha matundu madogo yaliyozibwa kwa utando wa buibui, mweupe, mwembamba kama karatasi ya sigara. Utando ule umewekwa makusudi ili uvume. Tena vipo vyuma ambavyo kidole hakivigusi kabisa, vinaitikia vyenyewe vyuma vingine vikilia. Kwa hiyo hiyo "kelele" ni nusu ya ala. Mtu akiipitisha kwenye plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kusafisha kelele anatoa roho yake. Maiki ndogo ya kondensa, sentimita 25 hivi, itazame matundu badala ya vidole. Usiweke karibu zaidi, utapata mkwaruzo wa kucha na pumzi za mpigaji.

Nyumbani natumia Reaper, kwa sababu ni nyepesi, inakaa kwenye laptopu ya zamani, na inatoa siku 60 za kujaribu na kila kitu kimo. Kazi yangu ya kwanza siyo riveebu wala ikwalaiza. Ni kupanga muda. Sauti hewani inakwenda karibu mita 345 kwa sekunde kwa joto letu. Ngoma iliyo mita tatu na nusu kutoka kwenye maiki za waimbaji inazifikia maiki hizo kama milisekunde 10 baada ya kufika kwenye maiki yake yenyewe. Ukizichanganya hivyohivyo, mlio wa ngoma unakuwa mwembamba, kama umepigwa kwenye debe. Kuza picha ya wimbi mpaka uone pigo moja, isogeze traki ya ngoma kulia, yaani ichelewe, hadi vilele vikutane, kwenye kiwango cha sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde ni kama sampuli 480. Kisha funga macho usikilize. Siku ya kwanza kufanya hivi nilidhani nimefungua spika nyingine.

Baada ya hapo ndipo nachanganya kama mtu mwingine yeyote. Spika ndogo, sauti ya chini, asubuhi. Bila ngoma za kweli kunipiga kifuani najua ngoma zangu ziko wapi.

Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu ahsante sana. Mimi niko Kondoa na tayari nina miksa ya USB ya chaneli mbili, fedha ya kununua nyingine haipo kwa sasa. Nafanyaje?

#3 · Mleta uzi

Mkuu wa Kondoa, una njia mbili.

Ya kwanza ni kutumia vinobu vya kushoto na kulia. Ngoma zote zungusha kushoto kabisa, sauti zote zungusha kulia kabisa. Programu itapokea traki mbili zilizotengana, na nyumbani utazirudisha zote katikati na kuamua uwiano. Kwenye hedifoni sikiliza kwa mono ili sikio moja lisichoke. Unapoteza upana wa stirio, lakini unapata kitu kikubwa zaidi: uwezo wa kuzirudisha ngoma.

Ya pili, angalia kama miksa yako ina matundu ya insati (insert, ya kutoa na kurudisha sauti ya chaneli) kwenye chaneli za maiki. Ukichomeka jeki ya mono nusu, mpaka mlio wa kwanza, sauti inatoka humo bila kukatika kwenye miksa, na inatoka kabla ya feda. Peleka jeki hizo kwenye saundikadi ya chaneli nne. Jaribu nyumbani kwanza, maana jeki iliyokaa nusu hutoka mtu akipita na kugusa waya. Mimi nazifunga kwa utepe.

#4

Naheshimu uzi lakini sikubaliani na mwelekeo. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi. Kipindi kinatoka saa kumi na mbili jioni, hakuna muda wa kurudi nyumbani kupanga sampuli. Isitoshe, Hugh Tracey, yule mtafiti aliyerekodi muziki wa asili wa Afrika, alipopita Tanganyika kurekodi mwaka 1950, Wagogo wakiwemo, hakuwa na traki 12. Na rekodi zake mpaka leo zinasikilizwa. Kuchanganya palepale kunamfundisha mtu kusikiliza. Hawa vijana wa "nitarekebisha baadaye" wanaweka maiki popote.

#5 · Mleta uzi

Shikamoo mkubwa. Hoja yako ni nzito na sehemu kubwa nakubaliana nayo.

Tracey alichanganya kwa miguu. Ukiwa na maiki moja, kuchanganya ni kusogea: hatua moja kwa mwimbaji, nusu hatua mbali na ngoma. Hiyo ni kazi ya sikio hasa, na mtu aliyeweka maiki popote hata programu ya dola elfu haimwokoi. Ndiyo maana siku hizi sikosi jozi moja ya maiki za stirio mbele ya kikundi, kimo cha kichwa cha mtu, mita mbili na nusu hivi. Mara nyingi jozi hiyo ndiyo inayobeba wimbo, na maiki za karibu naziingiza kidogo tu pale kitu kinapopotea. Zipo kazi ambazo mwishoni nimezima zote nikaacha jozi peke yake.

Kwa upande wa redio, hapo ndipo kuunganisha vyombo na programu kunalipa zaidi. Toa mchanganyiko wa stirio kwenye miksa uende kwenye kipindi cha leo, ukiwa umeuchanganya kwa mkono kama ulivyozoea. Wakati huohuo traki moja moja zinaandikwa kwenye kadi. Kipindi kimetoka, na kumbukumbu ya kikundi imebaki salama. Sioni kwa nini tuchague.

#6

Mimi swali langu ni fupi. Nikirekodi kwaya kupitia laptopu, waimbaji wanasema wanajisikia kwenye hedifoni wamechelewa. Wanaimba wakijivuta. Tatizo ni laptopu mbovu?

#7 · Mleta uzi

Si lazima iwe mbovu. Laptopu inapokea sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 256 kwa kiwango cha 48,000 ni milisekunde 5.3, na sauti inalipa kuingia na kutoka, tena juu yake kuna dereva (programu inayoendesha saundikadi) na plagini. Ikifika milisekunde 15 au 20 mwimbaji anaanza kuhisi kitu. Ukipunguza fungu hadi 64, laptopu ndogo inaanza kutoa mikwaruzo.

Dawa ni kutompitisha mwimbaji kwenye laptopu kabisa. Msikilizishe kutoka kwenye miksa moja kwa moja, au bonyeza kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kwenye saundikadi, halafu kwenye programu zima sauti ya traki inayorekodiwa asijisikie mara mbili. Akitaka eko kidogo ya kumpa moyo, mpe eko ya kwenye miksa. Haiandikwi kwenye traki yake. Kisha weka fungu liwe kubwa, 512 au 1024, laptopu ipumue. Huu ndio mfano mzuri kabisa wa kila kimoja kufanya kazi yake.

#8

Naongezea kitu kwa wanaotumia rekoda mbili tofauti, mfano moja kwa waimbaji na nyingine kwa ngoma. Saa za ndani za rekoda hizo hazilingani kamwe. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni inaonekana ndogo, lakini kwa saa moja ni milisekunde 72, ngoma na wimbo vimeshaachana. Nilipata shida hii kwenye ibada ya saa tatu pale Mpwapwa. Tangu hapo napiga makofi mara moja mbele ya maiki zote mwanzoni na mara moja mwishoni. Nyumbani nalinganisha kofi la kwanza, halafu navuta traki moja mpaka kofi la mwisho nalo likutane.

#9 · Mleta uzi

Mkuu umenisaidia, hili nililisahau na ni muhimu sana. Kofi la mwisho ndilo watu hulisahau, maana watu wameshaanza kusalimiana na kunywa togwa. Mwombe kiongozi wa kikundi alipige yeye, hatasahau.

#10

Vipi kuhusu vumbi na umeme? Mimi niko Bahi, kiangazi hapa upepo ni wa kutisha. Na laptopu yangu ikiwa kwenye chaja spika zinavuma "mmmm".

#11 · Mleta uzi

Mdau wa Bahi, mvumo huo ukikaa kwenye herzi 50 na 100 ni umeme unaozunguka kati ya chaja na miksa. Chomoa chaja wakati wa kurekodi. Ukiisha, umejua chanzo. Rekodi kwa betri, chaji katikati ya nyimbo. Mimi siku hizi laptopu siitoi kwenye begi uwanjani. Kadi inaandika, laptopu inasubiri nyumbani. Hata joto halinisumbui tena. Laptopu ikikaa juani dakika arobaini feni zinapiga kelele zinazoingia hadi kwenye maiki za ilimba. Paua benki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inanitosha siku nzima na akiba.

Vumbi: feda ndizo zinazokufa mwanzo. Natandika kanga juu ya miksa, naingiza mikono chini yake. Kwa upepo, sponji haitoshi nje. Tafuta koti la manyoya la maiki, na usimame ukiupa upepo mgongo wa maiki. Anza mapema, saa moja asubuhi, kabla haujachachamaa.

Na ukubwa wa kadi, kuna mtu kaniuliza inboksi: biti 24 kwa 48,000 ni kama megabaiti 8.6 kwa dakika kwa traki moja. Traki nane kwa saa moja ni zaidi kidogo ya gigabaiti 4. Nakili kadi kwenye diski mbili kabla hujalala.

#12

Mkuu, ile kazi ya 2019 uliifanya nini? Uliifuta?

#13 · Mleta uzi

Sikuifuta. Niliwapa familia kwenye flashi ilivyo, nikawaeleza kasoro yake. Sauti ya bibi akiongoza inasikika vizuri, ni ngoma tu ndizo zilizo mbali.

Nimerudi kijijini hapo tena Agosti iliyopita. Ngoma yake imebaki kwenye kikundi, ngozi imebadilishwa, anaipiga mjukuu wake sasa. Niliweka maiki sentimita 30 juu ya ngozi, nikaipa traki ya pili peke yake, na jozi ya stirio mbele ya wote. Kwenye hedifoni nilishusha ngoma mpaka nikawa nasikia waimbaji vizuri. Nyumbani nikaipandisha mpaka mahali pake. Jumamosi hii nawapelekea waisikilize kwanza wao. Wakiridhia isikike kwa wengine, nitaweka kipande hapa.